Aliikataa elfu yangu, anataka kazi

Barua

Mama, assalaam aleikum.

Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Mwembe Tayari, Mombasa, orofa ya kwanza, juu ya duka la vyombo. Marehemu baba alianza na vyerehani viwili vya miguu. Leo tunaiendesha mimi na kakangu, na tuko watu 22 ukihesabu mkataji, wapiga pasi na vijana wa kupeleka mizigo. Disemba na Januari hatulali. Shule zikikaribia kufunguliwa, kila mzazi anataka kaptura, sketi na mashati siku hiyo hiyo.

Mwezi uliopita mafundi wawili waliniacha wiki moja, mmoja ameolewa Lamu, mwengine amekwenda Saudia. Nikabandika karatasi mlangoni chini: Fundi anahitajika. Siku ya pili akapanda ngazi kijana wa miaka kama 26. Hakusema neno. Alitoa karatasi mfukoni imeandikwa kwa kalamu: "Mimi kiziwi. Fundi mimi. Jaribu kwanza." Nikampa kitambaa cha kaki, nikamwonyesha kaptura iliyotundikwa ukutani. Akaipindua ndani nje, akaupapasa mshono wa kiuno kwa kucha, akapima, akakata, akakaa kwenye cherehani. Baada ya dakika arobaini hivi kaptura ilikuwa mezani, zipu imekaa, mifuko imelingana. Mama, nina mafundi wa miaka kumi ambao zipu mpaka leo zinawachezea.

Nilifurahi, kisha nikaingiwa na woga.

Kakangu alikuwa amesimama anatazama. Akaniita pembeni: "Hapa ni mahali pa biashara, si nyumba ya sadaka. Bubu huyu utamwelezaje oda ikibadilika? Moto ukiwaka, nani atamwambia?" Akaniambia nimpe chochote aende zake. Nikasema ngoja kwanza nimuulize. Nikamwandikia kwa Kiswahili: umefanya kazi wapi, na kwa nini uliondoka? Akaandika: "Kongowea fundi mimi miaka mitatu. Tajiri kufa. Duka funga." Kakangu alisoma akacheka. Akasema hata kuandika hajui, akili yake nusu.

Basi nikamtolea shilingi elfu moja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilimtilia noti mkononi, nikaweka kidole sikioni kumwonyesha kwamba nitampigia simu. Mtu ni kiziwi, nami namwambia nitampigia. Aliitazama ile noti, akaiweka juu ya cherehani, akaifunika kwa kaptura aliyoishona, akashuka ngazi.

Zimepita wiki tatu. Vyerehani viwili bado havina watu. Yeye amepita mara mbili; anasimama ng'ambo ya barabara, anaangalia kama ile karatasi iko bado mlangoni, anaondoka. Namba yake ninayo, ameiandika nyuma ya karatasi yake.

Wafanyakazi nao wamegawanyika. Fundi mmoja ana mimba, amesema hataki kukalishwa karibu naye asije akazaa mtoto wa hali hiyo. Mwengine anauliza kama atalipwa sawa na wao. Mimi naogopa nimchukue kwa huruma, kazi imshinde, kisha nikose uso wa kumwondoa. Nisipomchukua naogopa ile noti nitaiona mpaka nazikwa. Nishauri, mama.

Mwenye karakana, Mwembe Tayari


Jibu

Mwanangu, wa aleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye ile kaptura iliyolala juu ya noti. Kijana alikuja na kazi mkononi akitaka kazi, wewe ukamjibu kama wale wanaopita madukani Ijumaa kuomba. Hakugomba, hakukutupia pesa zako. Alikurudishia, akakuachia na mshono wake uuangalie vizuri.

Neno langu ni hili: mchukue. Lakini usimchukue kwa ajili ya ile noti. Aibu unayoisikia ni deni kati yako na yeye, na dawa yake ni kumwomba radhi. Kazi ni jambo jengine. Ukimwajiri ili roho yako itulie, utamweka kama mgeni: akikosea hutasema, akifanya la kawaida utalisifu kupita kiasi, na roho ikishatulia utaanza kumwona mzigo. Wengi nikiwagusia mambo haya hunijibu "hujafa hujaumbika." Ni kweli, maradhi na ajali havibishi hodi kwa mtu. Lakini anayeajiri kwa kuogopa yasimfike na yeye anatoa sadaka ya kujikinga, na kijana wako sadaka ameshaikataa.

Una vyerehani viwili vimelala na Januari inakuja. Aliyekaa juu ya kimoja kwa dakika arobaini alikutolea kaptura iliyo tayari kuuzwa. Sababu ya kumwajiri iko hapo.

Sasa hilo la akili nusu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo waajiri wengi wa mji huu wanapowapoteza mafundi viziwi wazuri. Kijana hakuandika Kiswahili kibovu. Aliandika Kiswahili kwa mpangilio wa lugha yake. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, ina sarufi yake, na maneno hayapangwi kama tunavyoyapanga sisi. Shuleni mwanafunzi kiziwi hutahiniwa Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Kwa hivyo inawezekana kabisa kijana huyu hajawahi kukaa darasa la Kiswahili hata siku moja, na ni wazi hajajifunza kwa kusikia, nyumbani wala sokoni. Maneno aliyonayo ameyaokota kwa macho, kwenye vibao vya maduka, kwenye matatu, kwenye simu. Na kwa maneno hayo machache alikueleza yote uliyomuuliza: alikuwa wapi, miaka mingapi, na kwa nini aliondoka. Mwambie kakako aandike barua ya kuomba kazi kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia ikitamkwa, tuone atafika wapi.

Akitaka ushahidi mkubwa zaidi, upo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 120 kinaiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge.

Kwa hivyo unapomwandikia, tumia sentensi fupi, jambo moja kila sentensi. Ukiona Kiingereza anakielewa zaidi, mwandikie Kiingereza. Wengi wao shuleni walisomea kwa vitabu vya Kiingereza. Chora ikibidi. Fundi na fundi huelewana kwa chaki na kitambaa haraka kuliko kwa insha, na wewe umeshaliona hilo, kwani siku ile maelezo uliyompa yalikuwa kaptura moja ukutani.

Neno bubu liondoeni hapo karakanani, kuanzia kwa kakako. Linamkata mtu ulimi, na viziwi wengi sauti wanayo, wanacheka, wanaita, baadhi yao wanasema. Yeye mwenyewe amekuandikia jina analolitaka kwenye mstari wa kwanza: kiziwi.

Wala msidhani mkipaza sauti au mkitamka polepole atasoma midomo yote. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: papa, baba, mama. Utaona midomo inafanya kitu kimoja. Mtu anayesoma midomo anakisia kwa kufuata habari inayozungumzwa, na ukigeuza uso au ukiwa na pini mdomoni, kama mafundi mlivyo, hana cha kusoma.

Umeuliza atawezaje kufanya kazi pale. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza yeye. Amefanya kazi Kongowea miaka mitatu, katika duka lenye cherehani na wateja na stima inayokatika. Mambo mnayoyaumizia kichwa wewe na kakako yeye ameshayatatua zamani. Siku ya kwanza tafuta mkalimani wa lugha ya ishara kwa saa mbili, umlipe wewe. Uliza ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hapa kaunti, au walimu wa shule ya viziwi ya Ziwani, watakuelekeza. Usimtumie dada yake wala binamu yake. Jamaa husaidia kwa nia njema, lakini mambo ya mshahara yakiingia hujikuta wanajibu wao, na kijana anakaa kama mtoto anayeandikishwa shule. Mkalimani utamhitaji siku ya mkataba, siku ya kikao kikubwa, na siku ya kugombana. Siku nyengine zote mtaelewana wenyewe.

Mkalimani akiwa hapo, muulize kijana anataka kukaa wapi. Nakisia atataka mahali anapouona mlango, mgongo wake usiwe njiani. Waambie wenzake wote: mtu asimguse kutoka nyuma sindano ikiwa inakwenda. Ukimshtua, kidole kimeingia. Mtu azunguke mbele apunge mkono, au azime na kuwasha taa iliyo juu yake. Usiogope kwamba hatasikia mashine ikiharibika. Fundi anayesikia huijua sindano iliyopinda kwa mlio, kiziwi huijua kwa mtetemo wa meza chini ya viganja.

Moto, sasa. Kakako ameuliza swali la maana, nalo nalirudisha kwenu nyote: nyinyi 22 mnaosikia mna kengele ya moto? Karakana ya orofani, ngazi moja, vitambaa mpaka dari, pasi zinawaka mchana kutwa. Ikiwa kengele hakuna, basi hatari haikupanda ngazi pamoja na kijana huyu. Tieni kengele, na fundi wa stima aiunganishe na taa nyekundu ya kumweka ukutani, nyengine iwe chooni, kwa sababu huko ndiko mtu husahauliwa. Jirani yake wa cherehani awe na jukumu la kumshika bega siku ya dharura. Fanyeni zoezi la kushuka ngazi mara moja kabla ya msimu wa Januari.

Na kuna jambo dogo ambalo watu hawalifikirii. Stima ikipotea usiku wa msimu, nyinyi mnaendelea kuongea gizani, mnacheka, mnapanga. Yeye dakika ile ile amekatiwa mazungumzo. Wekeni taa ya betri karibu naye.

Oda ikibadilika, andikeni. Ubao mmoja mkubwa: shule, rangi, saizi, idadi, siku ya kuchukua. Chini yake tundikeni sampuli iliyoshonwa ya kila oda. Nimeingia karakana nyingi za mji huu ambapo oda zimo kichwani mwa tajiri na kwenye vijikaratasi, na kila Januari kuna sketi za shule moja zimeshonwa kwa kitambaa cha shule nyengine. Ubao huo utawafaa wote.

Nikueleze kwa nini nakazania maandishi. Miaka mingi nilikuwa afisa wa wafanyakazi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Nilimwajiri mwanamke kiziwi kwenye dobi, kufua na kupiga pasi mashuka. Kazi aliiweza tangu wiki ya kwanza, mashuka yake yalikunjwa kona kwa kona. Nikajisifu kwa wakubwa zangu, nikaona nimemaliza. Kumbe habari zote za dobi zilipita kwa mdomo, saa ya chakula. Zamu zikibadilishwa, msimamizi alisema tu mezani. Yule mama alikuja kwa zamu ya zamani akakuta wenzake wameshatoka, akakatwa siku. Ikatokea mara ya pili, na ya tatu. Barua ya onyo niliitia saini mimi, kwa mkono wangu, bila kumwita nimuulize. Baada ya mwaka mmoja na nusu aliacha kazi. Aliniachia karatasi mezani: "Mimi kazi sawa. Habari hakuna." Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Hakuna mtu pale aliyemchukia. Hatukumwandikia tu.

Kwa hivyo fungua kikundi cha WhatsApp cha karakana, na uweke sharti kwamba jambo la kazi ambalo halikuandikwa humo halijasemwa. Ujumbe wa sauti usitumike kwa mambo ya kazi. Hilo litakuwa gumu kwenu kuliko kengele, nawajua watu wa Mombasa na ujumbe wa sauti.

Upande wa sheria na pesa nitakwenda haraka, mhasibu wako atamalizia. Mko 22. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee watu wenye ulemavu asilimia 5 ya nafasi za kazi. Kwa hesabu yako hiyo ni nafasi moja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, nayo inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu katika kuajiri na katika malipo. Kwa hivyo yule fundi aliyeuliza kama atalipwa sawa, mjibu: sawasawa, kipande kwa kipande. Akishona kaptura kumi analipwa kumi. Akishona nane analipwa nane, kama wewe.

Kuna na nafuu ya kodi. Chini ya ile sheria ya 2003, mwajiri wa sekta binafsi aliweza kuomba kipato chake kinachotozwa kodi kipunguzwe kwa kiasi cha asilimia 25 ya mshahara anaomlipa mfanyakazi mwenye ulemavu, na kwa asilimia 50 ya gharama ya marekebisho ya mahali pa kazi, mfano hiyo taa ya kumweka. Mhasibu akuulizie KRA, mamlaka ya kodi, utaratibu ulivyo sasa chini ya sheria mpya. Tuseme unamlipa 24,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 288,000, robo yake ni 72,000. Ikiwa karakana mmeisajili kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30, kwa hesabu ile ungeokoa 21,600. Si haba, inanunua ubao, kengele na saa kadhaa za mkalimani. Lakini kijana lazima awe amesajiliwa na Baraza, na usajili unaanza kwa tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali. Kama hana kadi, mpe ruhusa ya siku mbili akashughulikie, bila kumkata. Yeye mwenyewe, akiwa na cheti cha KRA, husamehewa kodi ya mapato mpaka shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mshahara wa 24,000 PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, haimgusi bado, lakini cheti akitafute mapema. Fundi wa aina hiyo hatabaki kwenye 24,000.

Umesema unaogopa kazi ikimshinda utakosa uso wa kumwondoa. Ndiyo maana nataka uanze na jaribio. Mafundi wengine uliwajaribu siku ngapi? Kama ni sita, naye sita, kwa malipo, kwa kipimo kile kile. Baada ya hapo mkataba ulioandikwa, na mkalimani aueleze mstari kwa mstari. Akichelewa, mwambie amechelewa. Akiharibu kitambaa, afuate utaratibu wanaoufuata wenzake. Nimeona waajiri wenye moyo mzuri wakimwachia mfanyakazi mwenye ulemavu makosa mwaka mzima, kisha siku moja wakamfukuza kwa yote kwa pamoja, naye hajui hata la kwanza lilikuwa lipi. Kumwambia mtu kosa lake mapema ni sehemu ya kumheshimu. Na ukiona ni hodari, mpandishe. Usimfunge kwenye zipu miaka kumi kwa sababu zipu anaziweza. Mkataji wako akistaafu, jina la kijana liwe kwenye orodha.

Huyo fundi mwenye mimba, usimfokee. Hofu ya mimba ni hofu ya mama, na amelelewa kuamini hivyo. Kaa naye mnywe chai, umwambie kwamba uziwi hauambukizwi kwa kukaa karibu wala kwa kutazamana. Watoto huupata kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, kwa maradhi ya masikio yasiyotibiwa, wengine huzaliwa nao kwa sababu ya damu ya ukoo au kwa maradhi aliyopata mama akiwa mjamzito. Kwa hivyo la kumlinda mwanawe ni kliniki na chanjo. Kisha mpe wiki chache za kumzoea mwenzake. Usimhamishe kijana mwisho wa chumba ili kumridhisha yeye.

Amebaki kakako, na huyu ni mshirika wako, hutamshinda kwa kelele. Mchukue Jumamosi moja mwende Bombolulu, kwenye barabara ya Malindi mkishavuka daraja la Nyali. Pale kuna karakana za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, zilizoanzishwa 1969. Atawaona watu wakitengeneza mapambo, vitu vya ngozi, vitambaa, na viti vya magurudumu, na bidhaa zinauzwa kwa bei, mteja analipa kwa sababu amependa kitu. Aguse mishono. Ila mkirudi, mwambie na jambo hili kutoka kwangu: tusiifanye Bombolulu kisingizio. Watu wa mji huu tumezoea kusema wenye ulemavu wana mahali pao kule, kisha sisi huku Mwembe Tayari, Ganjoni na Changamwe tukafunga milango tukiwa na dhamiri safi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya laki tisa wenye ulemavu kuanzia umri wa miaka mitano. Karakana moja, hata iwe nzuri vipi, haiwezi kuwa mahali pao wote.

Sasa chukua simu. Kabla hujafunga leo, mwandikie hivi, usiongeze maneno: "Samahani kwa ile pesa. Kazi yako ni nzuri. Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi. Jaribio siku sita. Malipo sawa na mafundi wengine." Ile noti kama bado unayo, nunua chai na mahamri ya karakana nzima Jumatatu hiyo, na yeye akiwemo.

Na hao wenzako wote wa karakana, kila mmoja ajifunze ishara kumi wiki ya kwanza: uzi, sindano, mkasi, njoo, ngoja, haraka, rudia, vizuri, chakula, asante. Atawafundisha mwenyewe, tena kwa furaha. Mkishazoeana, mwombeni awape majina ya ishara. Viziwi hawaandiki jina la mtu hewani herufi kwa herufi kila wanapomtaja, humpa alama yake kutokana na sura yake au tabia yake, na jina hilo mtu hajichagulii, hupewa. Akikupa lako, niandikie uniambie ni lipi.